Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo vya Udaktari Juu ya Nasaha Wanazostahili Wanafunzi Wao

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa vyuo vya udaktari nchini Tanzania, na nakala kwa Mganga Mkuu wa Serikali.

Waheshimiwa,

Naomba idhini yenu niwaandikie hadharani juu ya jambo ambalo kwa desturi huzungumzwa faraghani, nalo ni namna wanafunzi wa udaktari wanavyoachwa wachague peke yao, gizani, tawi la kazi watakaloishi nalo mpaka uzeeni. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha tiba. Simpimi mgonjwa wala sisahihishi mitihani. Wajibu wangu ni kukaa na kijana anayesomea udaktari na kumsaidia aone mbele yake kuna njia zipi, ipi inaelekea tabia na uwezo wake, na kila moja itamdai nini. Kazi hii naipenda, na kwa sababu naipenda siwezi kuendelea kunyamaza nikiona katika vyuo vyetu vingi hufanywa kama kazi ya ziada, akapewa mhadhiri aliyekwisha kulemewa, katika chumba cha kuazima, kwa saa ambazo mwanafunzi yuko wodini na hawezi kuja.

Ninaloomba ni hili: kila chuo cha udaktari kiwe na mshauri wa kazi asiyempa mwanafunzi alama, asiyekaa katika kamati ya nidhamu, na ambaye yanayosemwa mbele yake hayaingii katika jalada la mwanafunzi. Mengine yote nitakayoyasema humu yanatokana na ombi hilo, au yanarejea kwake.

Asili ya upungufu wetu naiona katika historia, wala simtupii lawama mtu yeyote aliye hai. Kabla ya Uhuru kijana wa Tanganyika aliyejaliwa kusomea udaktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalikuwa yamekwisha kuanza tangu 1924, na waliorudi walikuwa akali mno. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1963, na miaka michache baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, haja ya madaktari ilikuwa kubwa kiasi kwamba mhitimu hakuwa na sababu ya kujiuliza atafanya kazi wapi: alipewa barua, akafunga sanduku, akafika Songea au Kigoma, akavaa koti na kuanza kazi siku ya pili. Nasaha yake ya kazi ilikuwa ni ile barua. Mkuu wa kitivo alimjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa wilaya aliyotoka, na aliyetaka kusomea ubingwa aliitwa, akaulizwa, akapelekwa.

Katika miaka ya 1990 ajira za serikali zilipofungwa, uhakika ule ulikatika, na tangu hapo haujarudi kama ulivyokuwa. Wakati huohuo vyuo viliongezeka: mwaka 1997 palianzishwa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki mjini Dar es Salaam na chuo cha KCMC kule Moshi, mwaka 2003 Bugando ikafuata kule Mwanza, Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kisha Dodoma, Ifakara na kwingineko. Hilo ni jambo la kushukuriwa sana, maana nchi iliyohesabiwa watu milioni 61 na ushei katika sensa ya 2022 haiwezi kutibiwa na wahitimu wachache wa chuo kimoja. Walakini namna ya kuwaongoza wanafunzi imebaki vilevile ilivyokuwa enzi za Mkuu aliyewajua wote kwa majina, ilhali Mkuu wa leo ana mamia ya wanafunzi ambao hata akikutana nao kantini hawezi kuwatambua.

Mtazameni kijana mwenyewe. Amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, amefaulu sana, na kwa kuwa amefaulu sana hakuna aliyemuuliza kama anautaka udaktari. Jamaa zake wote walikwisha kumwita daktari kabla barua ya chuo haijafika. Miaka miwili ya mwanzo huipitisha katika anatomia, fiziolojia na biokemia, akipigania asirudie mwaka. Wa tatu huingia wodini, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa wa tano, kisha katika mwaka wa utarajali, anayoyaona kwa wingi ni mambo ya idara kuu nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Idara hizo ni nguzo za tiba na si shauri langu zipunguziwe chochote. Lakini kutokana na mpango huo kijana huhitimu akidhani kwamba udaktari wote ni njia hizo nne, na ya kwamba vilivyosalia ni vya wale walioshindwa kupata nafasi.

Nichukue mfano wa usingizi, kwa sababu ndio unaonisikitisha zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne akiingia chumba cha upasuaji husimama nyuma ya mabega ya bingwa na wasaidizi wake, akanyoosha shingo aone kidonda, na raundi ya kesho yake ataulizwa juu ya kidonda hicho. Kichwani mwa kitanda, upande wa pili wa lile shuka lililotandikwa kama pazia, yuko mtu mmoja ambaye mkono wake mmoja umeshika mfuko unaojaa na kunywea, macho yake yanatoka kwenye kioo cha mapigo ya moyo yanaenda kwenye midomo ya mgonjwa kuangalia kama imebadilika rangi, na masikio yake yanafuata mlio wa mashine hata anapoongea na muuguzi. Mtu huyo ndiye aliyeushika uhai wa mgonjwa kwa saa mbili nzima, na mwanafunzi ametoka mle ndani bila kumjua jina. Katika hospitali nyingi za wilaya mahali pake hukaa muuguzi au tabibu aliyefunzwa kazi hiyo, naye hufanya kwa ushujaa unaostahili shukrani, mara nyingi bila bingwa wa kumpigia simu. Tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilieleza mwaka 2015 ya kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji na usingizi ulio salama na wa gharama wanayoimudu, ikapendekeza kila nchi ifikie angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa jumla yao, kwa kila watu 100,000, ifikapo mwaka 2030. Sisi tuko mbali na hesabu hiyo, na njia ya kuikaribia haipiti katika kujenga vyumba vya upasuaji peke yake. Mwisho wake lazima awepo kijana mmoja mmoja atakayesema, nataka kukaa pale kichwani mwa kitanda.

Kijana huyo hawezi kusema hivyo kama hakupewa nafasi ya kukaa pale. Nimewahi kumpeleka mwanafunzi mmoja, mtulivu, mwenye kupenda hesabu na dawa, ambaye alikuwa amekata tamaa kwa sababu raundi za makelele zilimtisha na akajiona hafai kuwa daktari wa aina yoyote. Nilimwombea ruhusa kwa bingwa wa usingizi akae naye asubuhi kadhaa. Aliporudi hakuja na maneno mengi; aliuliza uzamili wa usingizi unaombwa lini na unahitaji nini. Kijana huyo alikuwa karibu sana na kuacha masomo, na tiba aliyohitaji ilikuwa kiti kimoja katika chumba alichokwisha kuingia mara nyingi.

Yanayosemwa juu ya usingizi yanasemeka pia juu ya patholojia, ambayo mwanafunzi huijua kama somo la mitihani na wala haijui kama kazi, ilhali mama mwenye uvimbe katika ziwa, kule mkoani, husubiri jibu la kipande cha nyama kilichopelekwa mbali, na tiba yake yote imesimama hapo. Juu ya maradhi ya akili nitasema zaidi kidogo. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwapo tangu 1927, na baada ya karibu karne nzima bado mwanafunzi anayeniambia kwamba amevutwa na tawi hilo huniambia kwa kuona haya, akifunga mlango kwanza, kwa kuwa wenzake humcheka na mama yake atauliza kama amerogwa. Wanafunzi wenye wito huo wapo. Wanaonijia ni ushahidi. Wanachokosa ni mtu mzima mwenye cheo atakayewaambia mbele ya wenzao ya kwamba ni kazi ya heshima.

Kuna na njia nyingine ambayo wengi watajikuta ndani yake bila kuitafuta. Daktari kijana akimaliza utarajali, akabahatika kuajiriwa na kupangiwa halmashauri, si ajabu katika muda mfupi kukabidhiwa uganga mfawidhi wa kituo cha afya. Siku hiyo anaamka msimamizi wa wauguzi waliomzidi umri, mwagizaji wa dawa kutoka Bohari ya Dawa, mtia saini wa matumizi ya fedha zinazoingia katika akaunti ya kituo, na mjumbe wa vikao vya kupanga bajeti pamoja na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Wapo waliozaliwa kwa kazi hiyo na wangeifurahia kama wangaliandaliwa. Wapo ambao inawavunja moyo ndani ya mwaka mmoja, wakaondoka na kusema wameshindwa na kijiji, ambapo kwa kweli walichoshindwa nacho ni leja. Katika masomo yao waliambiwa machache mno juu ya mambo hayo, na katika nasaha hawakuambiwa lolote, maana nasaha hazikuwapo.

Sasa nije katika kiini cha waraka huu, kwamba mshauri asiwe mtahini. Mtaniambia, kama nilivyokwisha kuambiwa, ya kwamba kila mhadhiri ni mlezi, na kwamba wanafunzi wamegawiwa walezi kwa majina. Naiheshimu desturi hiyo na nimeona wahadhiri walioitenda kwa ihsani kubwa. Lakini fikirini hali ya mwanafunzi mwenyewe. Kile kitabu chake cha kazi alizozitenda wodini, kila mstari unatiwa saini na bingwa; mtihani wake wa mdomo unasimamiwa na bingwa; barua ya kumwombea nafasi ya uzamili miaka ijayo itaandikwa na bingwa yuleyule. Je, ndiye atakayemwendea kumwambia: nikiingia chumba cha upasuaji natetemeka, au, tawi lako silipendi, au, silali usiku na nimeanza kufikiria mambo mabaya? Hatamwambia. Atamwambia, ahsante mwalimu, naendelea vizuri.

Alinijia binti mmoja wa mwaka wa tano aliyekuwa na mikono ya kushona kidonda ambayo hata wauguzi waliisifu. Alitaka upasuaji tangu akiwa msichana mdogo, akaambiwa na mtu mwenye mamlaka juu ya masomo yake, wodini, mbele ya wagonjwa, ya kwamba upasuaji si kazi ya mtu atakayeolewa. Hakujibu neno. Alikaa mwezi mzima akijifunza kupenda jambo jingine, na alipofika kwangu alikuja kuuliza habari za magonjwa ya ngozi, wala hakuutaja upasuaji hata kidogo. Maneno yale yalitoka baada ya mazungumzo marefu, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba nisiandike mahali popote. Laiti mimi ningekuwa miongoni mwa wale wanaomsahihishia, nisingeyasikia, na angeondoka na karatasi ya habari za ngozi mkononi, mimi nikijiona nimemshauri vyema. Nilimkutanisha na mwanamke bingwa wa upasuaji kutoka hospitali nyingine, mwenye watoto, aliyemweleza bila kuficha namna alivyopanga zamu zake alipokuwa mjamzito na nani alimsaidia. Uamuzi ulibaki wake mwenyewe.

Wala hofu hii si ya nchi yetu peke yake. Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, ukaonyesha kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na kwamba katika waliogundulika kuwa na dalili hizo ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Hawa ni watu wanaoishi ndani ya hospitali, wanaojua jina la kila dawa, na njia ya kwenda kliniki wanaipita kila asubuhi. Kinachowazuia aghalabu ni kuchelea kujulikana. Mwaka uliofuata, Chama cha Madaktari Duniani kilipolirekebisha Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari kilichotungwa 1948, kiliongeza ya kwamba daktari ataiangalia pia afya yake mwenyewe ili aweze kutoa tiba iliyo bora. Wanafunzi wetu wataapa. Ni haki yao wakute chuoni mahali pa kulianza jambo watakaloliapia, na mshauri wa kazi, ambaye kumwendea hakumtii mtu doa kwa kuwa kila mmoja huenda kuuliza habari za kazi, mara nyingi ndiye mlango wa kwanza ambao mgonjwa wa moyo uliovunjika anaweza kuupita bila ya kuonekana. Wengi walionijia kwa swali la uzamili walikuwa na swali jingine nyuma yake.

Jambo la pili ambalo mtahini hawezi kulifanya vyema ni kusema kweli juu ya ajira. Mnakumbuka mwaka 2017, Kenya ilipokuwa na upungufu baada ya mgomo wa madaktari, serikali yetu ilikubali kuwapeleka madaktari 500. Shauri likafika mahakamani huko, safari ikazuilika, na Rais Magufuli akaamuru wale 258 waliokwisha kuomba na kukidhi sifa waajiriwe hapa nyumbani. Habari ile ilipokewa kwa furaha, nami nilifurahi. Lakini mwanafunzi makini aliyeisikia alielewa papo hapo ya kwamba mamia ya madaktari walikuwapo mitaani bila ajira, wilaya nazo zikiwa na upungufu, na akaja kuuliza kwa nini hakuambiwa alipokuwa mwaka wa kwanza. Wengi wao wamesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na siku watakapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara itakatwa kulipa deni kabla hawajapanga nyumba. Wengine wanajitolea katika hospitali kwa posho ya nauli, wakingoja tangazo. Mambo haya si siri. Kijana huyasikia bwenini, yakiwa yamechanganyika na uvumi, na kwa kuwa hakuna mtu wa chuo anayemweleza kwa utaratibu na kwa hesabu, huamini yaliyo mabaya zaidi au huyakataa yote.

Nashauri kila chuo kiulize wahitimu wake, mwaka mmoja na miaka mitatu baada ya utarajali, wako wapi na wanafanya nini, kisha kitangaze majibu bila kuchuja. Gharama yake ni simu na karani mmoja mwaminifu. Karatasi hiyo ingemfaa mwanafunzi kuliko hotuba kumi za siku ya mahafali, na ingewafaa ninyi pia mnapokwenda Wizarani kudai nafasi za ajira, kwa kuwa mngekuwa na ithibati mkononi.

Na wale wanaotaka kwenda nje wasemezwe kwa insafu. Yupo anayeulizia mitihani ya Uingereza au ya Marekani, yupo mwenye ndugu Muscat anayeambiwa kuna nafasi Omani, na katika baadhi ya ofisi mtu huyo akitaja tu azma yake huonekana msaliti, akanyamaza, akaenda kwa mawakala wanaomla fedha. Mimi humweleza mitihani ipo mingapi, inachukua muda gani, inagharimu nini, na kwamba wengi hukaa miaka kabla ya kupata nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Kisha humweleza kwa ukamilifu uleule njia zilizoko nyumbani, pamoja na zile ambazo haziji akilini upesi, kama utafiti. Kule Ifakara, ambako maabara ndogo ya Waswisi ilianzishwa miaka ya 1950, leo pana taasisi ya afya ambayo kazi zake juu ya malaria na vyandarua zimesomwa dunia nzima, na nimeona kijana aliyekuja na fomu za safari mkononi akakaa kimya aliposikia kwamba kazi ya namna hiyo inafanyika kwa basi la siku moja kutoka Dar es Salaam. Wengine walikwenda Ulaya vilevile, na niliwaandikia barua njema.

Yako pia mambo ambayo mshauri huyasikia na hayana dawa ya haraka. Kuna anayetaka kuacha udaktari kabisa, na baba yake ameuza ng'ombe. Mwanafunzi wa namna hiyo huwa hahitaji kusukumwa abaki wala kusukumwa aondoke. Huhitaji muda, na mtu wa kumsaidia kutenganisha uchovu wa mwaka wa tatu na kutokupenda kwenyewe, na baadaye, ikiwa amethibitika, mtu wa kwenda naye kuzungumza na mzee. Nimekaa katika mazungumzo hayo. Wazee wetu ni wasikivu kuliko tunavyowadhania, alimradi waendewe kwa adabu na waonyeshwe kwamba mtoto hakupotea.

Mtauliza fedha zitoke wapi. Naijua hali ya vyuo: kiti cha maabara kimevunjika, vitabu havitoshi, hospitali ya kufundishia imejaa wanafunzi kiasi kwamba kumi na wawili wanasikiliza moyo wa mgonjwa mmoja. Hata hivyo, chuo kinachotumia miaka mitano na mamilioni ya shilingi kumfundisha daktari mmoja, kisha kikampoteza kwa kukosa saa chache za mazungumzo, kimekwisha kulipa gharama ya mshauri bila ya kuwa naye. Sidai ofisi za fahari. Nadai mtu mmoja aliyefunzwa ushauri na anayeujua ulimwengu wa hospitali, chumba chenye mlango unaofungika, na saa mbili za wiki katika ratiba ambazo hakuna bingwa atakayemkataza mwanafunzi kutoka wodini. Nadai pia wiki zile za hiari mlizo nazo katika mitaala zitumike ipasavyo, mwanafunzi akae na mtu wa usingizi, wa patholojia, wa akili, wa afya ya jamii, kwa nia ya kuitazama kazi, bila mtihani mwisho wake. Mabingwa wa idara hizo niliowaomba hawajapata kunikatalia. Wengi walisema ni mara ya kwanza mtu kuwaletea mwanafunzi aliyekuja kuwatazama wao.

Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye nakala ya waraka huu itamfikia, namwomba jambo moja mahsusi: pale Wizara inapotangaza ufadhili wa masomo ya ubingwa, tangazo lifike kwa wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, pamoja na maelezo ya matawi gani yana upungufu na katika mikoa ipi, badala ya kuwafikia wanapokuwa wamekwisha kutawanyika na kufunga nia zao. Mwanafunzi akijua mapema ya kwamba Rukwa au Katavi inamhitaji bingwa wa aina fulani, na kwamba serikali itamsomesha, huanza kujipima na nafasi hiyo angali ana walimu wa kuwauliza.

Mtakapokutana katika kikao chenu kijacho, naomba suala hili liwekwe katika ajenda na lisiachwe chini ya mengineyo, na kabla ya kikao hicho kila mmoja wenu awaulize wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho, bila wahadhiri wao kuwapo, ni nani katika chuo waliyepata kuzungumza naye juu ya kazi watakayoifanya. Majibu yao mje nayo kikaoni. Wa mwaka wa tano wa sasa wataanza utarajali miezi michache ijayo, na kwa hao muda uliobaki ni mfupi. Niko tayari kuja katika chuo chochote kitakachoniita, kwa nauli yangu, kusaidia kuianzisha kazi hii.

Nabaki wenu mtiifu katika utumishi,

Mshauri wa wanafunzi wa udaktari,
Dar es Salaam.